Kutoka chupa hadi udongo: safari ya mche safi wa muhogo na wa mgomba kuelekea mashamba ya Awasse

Awasse ni njia panda. Hapo barabara itokayo Pemba kwa kupitia Macomia hukutana na ile inayounganisha Mueda na Mocímboa da Praia, kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado. Ashukaye pwani na apandaye nyanda za juu hupita hapo, na pamoja na watu hupita mbegu: fungu la vijiti vya muhogo lililofungwa kamba nyuma ya baiskeli, au machipukizi ya migomba ndani ya gunia.

Tangu vita vilipozuka Mocímboa da Praia mwezi Oktoba mwaka 2017, safari za mbegu zimekuwa nyingi na za dharura. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa watu takriban milioni 1 walikuwa wameyahama makazi yao kaskazini mwa Msumbiji. Wengi wamekwisha kurejea, na wanaorejea hukuta shamba limegeuka kichaka. Muhogo haupandwi kwa punje, bali kwa pingili zilizokatwa katika shina la mmea uliotangulia. Mwenye shamba lililokufa hana budi kuomba pingili kwa jirani, kwa ndugu wa wilaya nyingine, au kuzinunua njiani asikojua zilikotoka. Mlango huo wa haja ndio ugonjwa unaoupitia.

Sayansi ya kilimo inayo njia ya kuupata mche usio na ugonjwa: kuukuza ndani ya chupa kutokana na kipande kidogo sana cha mmea. Njia hiyo huitwa ukuzaji wa tishu, na wakulima wengi wa Afrika Mashariki huita mazao yake miche ya chupa au miche ya maabara. Makala haya yanaeleza jinsi mche huo unavyopatikana, kwa nini hatua ya kuutoa chupani na kuutia udongoni ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, na nini kinachohitajika ili ufike salama katika ardhi kama ya Awasse.

Ugonjwa unaosafiri na mbegu

Muhogo wa pwani ya Afrika Mashariki unasumbuliwa na magonjwa mawili makubwa ya virusi. La kwanza ni batobato, ambalo liliandikwa na wataalamu tangu mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Majani hujikunja, hupata mabaka ya njano, na mmea hudumaa. Mkulima huliona mapema.

La pili ni michirizi ya kahawia, na hilo ni la hila zaidi. Mtaalamu H. H. Storey, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, alilieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936. Kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa ugonjwa wa nchi za chini za pwani, toka Kenya hadi Msumbiji, mpaka lilipoanza kuenea Uganda na maeneo mengine ya juu baada ya mwaka 2004. Katika Msumbiji, uchunguzi wa mwishoni mwa miaka ya 1990 katika mikoa ya Nampula na Zambezia ulionyesha kwamba limeshika sana wilaya za pwani.

Hila yake ni kwamba mmea waweza kusimama mrefu wenye majani mengi, ukiwa na rangi ya njano kidogo tu kandokando ya mishipa ya majani ya chini na michirizi michache kwenye shina changa. Chini ya ardhi mizizi imejaa mabaka makavu ya kahawia yasiyolika. Familia hugundua hasara siku ya kuvuna, baada ya kungoja karibu mwaka mzima.

Virusi vya magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa upande wa chini wa majani. Lakini inzi mweupe hakibebi kirusi cha michirizi kwa muda mrefu. Hukihamisha kutoka shamba moja hadi la jirani. Anayekivusha kutoka wilaya hadi wilaya ni binadamu abebaye pingili zenye ugonjwa. Kwa hiyo njia panda kama Awasse yaweza kuwa mlango wa chakula, na yaweza kuwa mlango wa njaa, kwa kutegemea kilichomo katika fungu lililofungwa kamba.

Mgomba nao una adui wake. Mwaka 2013 ilithibitishwa kwamba ugonjwa wa mnyauko fuzari, ambao huitwa pia ugonjwa wa Panama, umeingia mkoa wa Nampula katika namna yake kali iitwayo TR4. Ilikuwa mara ya kwanza kwa namna hiyo kuonekana barani Afrika. Kuvu wake hukaa udongoni kwa miongo ya miaka hata kama migomba yote imeng'olewa, na husafiri kwa machipukizi, kwa udongo ulioganda katika viatu na majembe, na kwa maji yatiririkayo. Kati ya Nampula na Cabo Delgado pana mto Lúrio tu, na mto hauwezi kuzuia gunia la machipukizi.

Jinsi mche unavyozaliwa chupani

Fikra ya kuotesha sehemu ndogo ya mmea ndani ya chombo ni ya zamani. Gottlieb Haberlandt aliitangaza mwaka 1902, ingawa majaribio yake mwenyewe hayakufaulu. Mwaka 1952 Wafaransa Georges Morel na Claude Martin walionyesha kwamba mmea wenye virusi waweza kuzaa mmea usio na virusi, endapo ncha changa kabisa ya chipukizi itakatwa na kukuzwa peke yake. Mwaka 1962 Toshio Murashige na Folke Skoog walichapisha kanuni ya mchanganyiko wa chumvi za lishe ambao mpaka leo unatumika katika maabara nyingi za dunia.

Siri ya Morel na Martin imo katika ncha ya chipukizi. Seli zake hugawanyika upesi, na mishipa ya mmea haijaifikia, kwa hiyo virusi huchelewa kuiingia. Kwa muhogo, mmea mama huwekwa kwanza katika joto la takriban nyuzi 36 hadi 38 kwa majuma kadhaa ili kuvidhoofisha virusi. Kisha, chini ya hadubini, hukatwa ncha isiyozidi nusu milimita.

Ncha hiyo huwekwa katika chupa yenye lishe iliyogandishwa kwa agari, unga utokanao na mwani. Ndani ya lishe mna chumvi za madini, vitamini, vichocheo vya ukuaji na sukari, mara nyingi gramu 20 hadi 30 kwa kila lita. Kila kitu husafishwa kwa mvuke wenye mgandamizo katika nyuzi 121, kwa sababu chembe moja ya kuvu ikiingia katika chakula kitamu namna hiyo huimaliza chupa nzima. Chupa hukaa katika chumba chenye taa na joto la wastani. Chipukizi likikua hugawanywa, vipande hutiwa katika chupa nyingine, na hesabu huongezeka. Mwishoni vichipukizi huhamishiwa katika lishe inayochochea mizizi.

Hata hapo kazi ya usafi haijaisha. Ncha ndogo hupunguza uwezekano wa virusi, lakini haiuondoi wote. Mche lazima upimwe kwa vipimo vya vinasaba kabla ya kuitwa safi. Kwa migomba pana tahadhari nyingine: ikigawanywa mara nyingi kupita kiasi, baadhi ya miche hubadilika tabia, ikazaa mikungu mibaya au majani yenye umbo geni. Ndiyo sababu maabara zenye uangalifu huweka ukomo wa mizunguko ya kugawanya, kisha huanza upya na mmea mama mpya.

Katika Afrika Mashariki njia hii si ngeni. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, KARI, ilianza kuwafikishia wakulima wadogo migomba ya chupa. Uganda ina maabara ya kampuni ya Agro-Genetic Technologies huko Buloba, karibu na Kampala. Tanzania ina kituo cha Mikocheni, Dar es Salaam. Nchini Msumbiji utafiti wa mazao uko chini ya taasisi ya IIAM, iliyoundwa mwaka 2004, yenye vituo kaskazini Nampula na Mapupulo, wilayani Montepuez.

Kwa nini mche hufa ukitolewa chupani

Mche uliomo chupani huonekana mzuri: kijani kibichi, wenye majani kadhaa na mizizi myeupe. Mwenye kuupokea kwa mara ya kwanza hushawishika kuupanda siku hiyo hiyo. Akifanya hivyo juani, kundi zima laweza kunyauka kabla ya jua kuchwa. Sababu ni 4, na kila moja yatokana na raha ya chupani.

Kwanza, hewa ya chupani imeshiba unyevu karibu asilimia 100. Jani lililokulia humo halikuhitaji kujikinga na ukavu, kwa hiyo utando wa nta unaofunika majani ya kawaida ni mwembamba mno juu yake. Maji huvuja katika jani kama katika chungu kisichochomwa vyema.

Pili, vitundu vya majani ambavyo mmea huvitumia kuvuta hewa havijajifunza kufunga. Katika mmea wa shambani vitundu hivyo hufumba jua likiwa kali. Katika mche wa chupa hubaki wazi, na maji yakaendelea kutoka.

Tatu, mizizi iliyoota ndani ya agari ni dhaifu na haina vinyweleo vya kutosha. Imezoea kuzungukwa na maji, haijawahi kuyatafuta kati ya chembe za mchanga.

Nne, mche ulikuwa unakula sukari iliyoandaliwa. Majani yake yalikuwa na kazi ndogo ya kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Chipukizi la kawaida la mgomba hutoka ardhini na tunguu nene lililojaa akiba. Mche wa chupa hauna akiba yoyote. Siku unapotolewa, unaachishwa ziwa na kupelekwa juani kwa wakati mmoja.

Kwa kawaida majani ya chupani hayadumu. Hata yakiishi, hayabadiliki kikamilifu. Mche huokoka kwa majani mapya yanayotoka nje ya chupa, yakiwa na nta yake na vitundu vinavyofunga, pamoja na mizizi mipya. Kazi yote ya kuzoesha ni kuuweka mche hai mpaka majani hayo yatoke.

Kuzoesha hatua kwa hatua

Kazi huanza kabla ya chupa kufunguliwa. Chupa zinaposafirishwa hukaa wima, zimefungwa ndani ya sanduku lenye kivuli. Chupa iliyoachwa juani ndani ya gari hugeuka tanuri. Zikifika, huachwa siku chache mahali penye mwanga wa kutosha usio wa jua la moja kwa moja, ili mche uzoee joto la mahali pale.

Udongo wa kwanza hauna haja ya rutuba nyingi. Haja yake ni kupitisha hewa, kushika unyevu bila kutuamisha maji, na kuwa safi. Katika pwani ya Msumbiji na Tanzania vifaa vyake si adimu: mchanga wa mto uliooshwa, uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi lililooza na kusuuzwa. Mchanga wa ufukweni haufai kwa sababu ya chumvi, na maji ya kisima chenye chumvi hayafai vilevile. Mchanganyiko husafishwa kwa mvuke: pipa huinuliwa juu ya moto, maji kidogo huwekwa chini ya kichanja cha chuma, na udongo hufunikwa juu yake. Watunza vitalu wa zamani walikuwa na kipimo kisichohitaji kifaa: kiazi kibichi hufukiwa katikati ya udongo, na kikiiva, udongo nao umekwisha kupata joto la kutosha.

Siku ya kuhamisha, mche hutolewa kwa upole, na agari yote huoshwa mizizini kwa maji safi ya uvuguvugu. Hatua hii hupuuzwa mara kwa mara, na kuipuuza kuna gharama kubwa. Agari iliyobaki ina sukari, na sukari ni karamu ya kuvu. Shina huoza kwenye usawa wa udongo baada ya siku chache. Mizizi iliyokatika au kuwa myeusi huondolewa. Kazi hufanywa jioni au siku ya mawingu, na mizizi haiachwi ikauke hata kwa dakika chache.

Kisha miche huingia katika kibanda cha unyevu: fremu ya mianzi iliyofunikwa kwa nailoni inayopitisha mwanga. Kibanda hicho lazima kiwe chini ya kivuli kingine cha makuti au wavu, kwa kuwa nailoni iliyopigwa na jua kali huipika miche ndani yake. Kwa siku 7 za kwanza kibanda hufungwa, na miche hunyunyiziwa maji kama ukungu mara kadhaa kwa siku. Kunyunyizia si kumwagilia. Lengo ni kuilowesha hewa. Udongo uliojaa maji huizamisha mizizi isiyo na nguvu.

Katika juma la pili kingo za nailoni hufunuliwa kwa muda mfupi asubuhi na jioni. Katika juma la tatu hufunuliwa kwa saa nyingi zaidi, na juma la nne nailoni huondolewa. Hata hivyo kalenda si sheria, mche ndio wenye kauli. Ukionyesha jani jipya lililosimama imara wakati wa adhuhuri, uko tayari kwa hatua ifuatayo. Ukilegea, hurudishwa nyuma hatua moja. Mbolea iliyozimuliwa sana huanza kutolewa baada ya jani jipya kutoka. Kabla ya hapo huunguza mizizi tu.

Baada ya hapo mche huhamishiwa katika viriba vyenye udongo na samadi iliyoiva, chini ya kivuli kinachopunguzwa kidogo kidogo. Muhogo huhitaji majuma kama 4 zaidi. Mgomba huhitaji majuma 6 au zaidi, mpaka ufikie urefu wa sentimita 25 hadi 30. Majuma ya mwisho miche huachwa juani kamili na maji hupunguzwa, ili iingie shambani ikiwa imekomaa.

Kanuni moja, udongo tofauti

Kanuni ya unyevu na subira haina ubaguzi wa mimea. Kwa njia hiyo hiyo wakulima wa maua wa Ulaya na Marekani hukuza mimea inayonasa wadudu, kama vile Dionaea muscipula, mmea mdogo wa majimbo ya Carolina ya Kaskazini na ya Kusini unaofunga majani yake juu ya inzi. Nao hukuzwa chupani kwa maelfu, huoshwa agari, huwekwa chini ya kifuniko chenye unyevu, kisha huzoeshwa hewa kavu polepole.

Tofauti iko katika udongo. Mmea huo ulikulia katika mabwawa yasiyo na rutuba, na ndiyo sababu ukajifunza kujipatia lishe kwa kunasa wadudu. Hupandwa katika kuvumwani na mchanga, hunyweshwa maji ya mvua, na mbolea mizizini huuua. Mgomba ukitiwa katika udongo wa namna hiyo na kuachwa, hudumaa kwa njaa. Mtunza kitalu mwenye hekima huuliza kwanza mmea umetoka katika nchi ya namna gani, ndipo achanganye udongo.

Usafi si kinga

Jambo linaloeleweka vibaya kuliko mengine yote ni maana ya neno safi. Mche safi ni mche ambao hauna ugonjwa siku unapotoka maabara. Si mche usioweza kuugua. Muhogo uliosafishwa virusi, ukipandwa kando ya shamba lenye michirizi, utaambukizwa na inzi weupe kama muhogo mwingine. Mgomba wa chupa ukipandwa katika udongo wenye kuvu wa TR4, nao ukiwa wa aina isiyostahimili, utanyauka kama ule wa gunia.

Kwa hiyo usafi huhitaji wenzake wawili. Wa kwanza ni aina yenye ustahimilivu. Upande huu wakulima wa pwani wana urithi wao wenyewe. Huko Nampula aina ya muhogo iitwayo Nikwaha ilionekana kustahimili michirizi na ikasambazwa kwa wakulima. Kusini mwa Tanzania hutajwa Nachinyaya. Aina ya Namikonga ya Tanzania na Kaleso ya pwani ya Kenya, ambazo uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa ni kitu kimoja, zimetumiwa na watafiti kuzalisha aina mpya. Maabara haishindani na urithi huu. Kazi yake ni kuzisafisha aina ambazo wakulima wamekwisha kuzichagua, na kuzirudisha shambani zikiwa na nguvu yake ya asili.

Mwenzi wa pili ni nidhamu ya shamba: kulitenga shamba la mbegu mbali na muhogo mwingine, kulikagua mara kwa mara, na kung'oa bila huruma kila mmea wenye dalili. Kwa migomba, nidhamu ni kutoingiza machipukizi kutoka maeneo yenye ugonjwa na kuosha udongo wote katika majembe na viatu. Mbegu zinazovuka mpaka wa Ruvuma, kutoka Tanzania au kwenda huko, zinapaswa kupita kwa wakaguzi wa afya ya mimea, hata kama ndugu wako pande zote mbili.

Uzoefu wa Kenya ulitoa somo jingine. Migomba ya chupa ilileta manufaa kwa walioitunza, lakini ilidai maji, samadi na uangalizi zaidi ya machipukizi ya kawaida, na bei yake ilikuwa juu. Mche huu haumfai mkulima atakayeupanda na kuusahau.

Hesabu ya subira

Mche wa muhogo wa chupa haukusudiwi kumfikia kila mkulima mkononi. Huo ni mama wa mbegu. Hupandwa katika shamba lililotengwa, na baada ya miezi 10 hadi 12 shina lake hukatwa pingili za sentimita 20 hadi 30. Kwa kawaida mmea mmoja hutoa pingili kama 10.

Hesabu yake ni nyepesi. Miche 100 iliyookoka hutoa pingili 1,000 mwaka wa kwanza, na pingili 10,000 mwaka wa pili. Hizo, zikipandwa kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1, zinajaza hekta 1. Upo mtindo wa haraka zaidi, wa kukata vijiti vifupi vyenye macho 2 na kuviotesha kitaluni kwanza, lakini nao huhitaji maji na mikono mingi. Mche mmoja ukifa katika juma la kwanza nje ya chupa, hazipotei pesa za mche mmoja tu. Zimepotea pingili 100 za mwaka wa pili. Kibanda cha nailoni na makuti kinaonekana kitu kidogo, lakini hesabu yote imesimama juu yake.

Kalenda na mazingira ya Awasse

Maabara ya tishu inahitaji umeme usiokatika kwa ajili ya taa, ubaridi na mvuke wa kusafishia. Kituo cha umeme cha Awasse, kinachohudumia wilaya za kaskazini mwa Cabo Delgado, kiliharibiwa katika miaka ya vita, na wilaya kadhaa zikakaa gizani kwa muda mrefu. Lakini kitalu cha kuzoesha hakihitaji umeme. Kinahitaji kivuli, maji baridi yasiyo na chumvi, nailoni, na mtu mmoja mwaminifu wa kukaa nacho kila siku kwa majuma 8 au zaidi. Maabara yaweza kuwa mjini mbali, na kitalu kikawa kijijini. Mgawanyo huo una faida: mche unaozoeshwa karibu na shamba lake huzoea hewa itakayokuwa yake.

Mvua za kaskazini mwa Cabo Delgado huanza kwa kawaida mwezi Desemba na kumalizika Aprili. Mche unapaswa kuingia shambani mvua zikiwa zimeshika, ili mizizi ipate miezi kadhaa ya unyevu kabla ya kiangazi. Ukihesabu kurudi nyuma, muhogo wapaswa kutoka chupani mwanzoni mwa Oktoba, na mgomba katikati ya Septemba. Hiyo ndiyo miezi mikavu, na joto linapanda. Kitalu kitakachojengwa bila kwanza kuhakikisha maji ya Oktoba kitakuwa kimejengwa bure.

Kireno cha Msumbiji huliita shamba machamba, neno lililochukuliwa katika Kiswahili. Anayerudi katika machamba yake baada ya miaka ya ukimbizi, akipewa mbegu, ana haki ya kuuliza maswali 4 kabla ya kufungua fundo la kamba. Mbegu hizi zimetoka shamba gani? Je, zimepimwa, na na nani? Ni aina gani, na inastahimili ugonjwa gani? Kama ni miche ya chupa, imekaa kitaluni kwa majuma mangapi, na je, majani iliyo nayo yameota chupani au yameota nje? Swali la mwisho lajibiwa kwa macho. Majani ya chupani ni madogo, laini na membamba. Yaliyoota nje ni makubwa zaidi na magumu kidogo kwa kuguswa, yakionyesha kwamba mmea umekwisha kuanza kujitegemea.